Nani Alale Chumba cha Uani?

Ukitaka kuijua historia ya nyumba usiingilie mlango wa mbele. Zunguka. Huko nyuma, ukishapita karo na kamba ya kuanikia nguo, utakikuta kichumba kimoja kimejitenga na nyumba kubwa kama mtoto aliyekemewa. Wengine hukiita banda la uani, wengine stoo, wazee wa mjini hukiita nyumba ya boi, na wenzetu wa Nairobi wanakiita SQ na kukipangisha bila haya. Hapa Dar es Salaam watu wengi huanza nacho. Mtu akipata kiwanja na fedha kidogo hujenga kwanza kichumba cha nyuma, akahamia humo na mkewe na watoto, huku nyumba kubwa ikipanda tofali kwa tofali miaka nenda miaka rudi. Siku nyumba kubwa inapoisha ndipo linapozuka swali ambalo limegombanisha familia nyingi: sasa kile kichumba tukifanyie nini?

Majibu hayakosekani. Tufuge kuku. Tupangishe. Tuweke mkaa na magunia ya mpunga. Mgeni akija alale humo. Kijana aliyebalehe ahamie huko asije akatutia aibu sebuleni. Mimi nina jibu langu, nalo si geni kwa wasomaji wa jarida hili ambao wengi wao, kama mimi, wanaandika juu ya goti huku wadogo zao wakigombea rimoti: chumba kile kiwe cha kuandikia. Lakini kabla ya kudai chumba niliona ni vizuri nipekue kidogo, nijue waliokidai kabla yangu walikipataje, na nani alihama ili wao waingie.

Tuanze na Marekani, mwaka 1874. Mark Twain alikuwa akipeleka familia yake kila kiangazi shambani kwa shemeji yake, Susan Crane, mahali panapoitwa Quarry Farm karibu na mji wa Elmira, jimbo la New York. Mwaka ule shemeji yake akamjengea kichumba chake peke yake juu ya kilima, mbali kidogo na nyumba: pande nane, madirisha kila upande, meza katikati. Humo ndimo ilimoandikwa sehemu kubwa ya vitabu vyake viwili vinavyojulikana kuliko vyote, cha Tom Sawyer na cha Huckleberry Finn. Kichumba chenyewe kipo mpaka leo, kilihamishiwa katika chuo cha Elmira mwaka 1952, na watu huenda kukipiga picha.

Sawa. Lakini katika nyumba ileile, jikoni, alikuwapo mpishi aitwaye Mary Ann Cord. Mama huyu alizaliwa utumwani. Mumewe na watoto wake wote saba waliuzwa mnadani mbele ya macho yake, na miaka mingi baadaye, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, akakutana tena na kitinda mimba wake, Henry, akiwa askari. Jioni moja aliisimulia habari hiyo kwa Twain na jamaa zake, wao wamekaa barazani, yeye amekaa ngazini chini yao. Twain akaenda akaiandika karibu kama alivyoisikia, akambadilisha jina tu, na Novemba 1874 ikatoka katika gazeti la Atlantic Monthly. Ilikuwa ndiyo kazi yake ya kwanza kuchapishwa humo. Kwa hiyo katika mwaka mmoja, nyumba moja, mtu mmoja alipewa chumba chenye madirisha pande nane, na mwingine akatoa hadithi akiwa amekaa ngazini. Sisemi Twain aliiba. Nasema tu kwamba hadithi haikutoka kilimani.

Uingereza nako kuna George Bernard Shaw, yule Mwairishi mwenye ndevu aliyepata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1925. Tangu mwaka 1906 mpaka alipofariki mwaka 1950 aliishi katika kijiji cha Ayot St Lawrence, na mwisho wa bustani yake alikuwa na kibanda cha mbao kisichozidi kitanda na meza. Kioja chake ni kwamba kilikuwa kinazunguka! Kilikaa juu ya ekseli, jua likihama mzee anakisukuma nacho kinahama. Humo aliweka mashine ya kuchapa, simu, hita na kitanda cha kujinyoosha. Akakipa jina la "London", ili wageni wasumbufu wakija waambiwe bila uongo mkubwa kwamba bwana amekwenda London. Hapo wa kuwakabili wageni mlangoni ni mtumishi, bwana amejifungia anapiga taipu.

Vibanda vya kuzunguka, hata hivyo, havikuanza kwa ajili ya waandishi. Kabla ya kupatikana dawa ya streptomycin katika miaka ya 1940, mgonjwa wa kifua kikuu alitegemea zaidi chakula, mapumziko, jua na hewa safi. Basi hospitali, na familia zenye uwezo, ziliweka kibanda bustanini, upande mmoja wazi, mgonjwa akalazwa humo mchana kutwa, akageuzwa kufuata jua kama alizeti. Nyumba ilipata amani kwa kumtoa nje mtu wake. Nilipolisoma jambo hili nilikumbuka jinsi hata huku kwetu mgonjwa wa muda mrefu anavyohamishiwa chumba cha nyuma, "apate hewa", na jinsi kila mtu anavyojua maana yake.

Aliyenisumbua zaidi ni Virginia Woolf. Huyu ndiye aliyesema wazi kile ambacho wanawake wengi tunakimeza: kwamba mwanamke akitaka kuandika sharti awe na fedha zake na chumba chake. Alilisema kwanza katika mihadhara kwenye vyuo viwili vya wanawake huko Cambridge, Oktoba 1928, kisha akalitoa kama kitabu Oktoba 1929. Kiasi alichotaja ni pauni 500 kwa mwaka, na katika kitabu msimulizi anazirithi kutoka kwa shangazi aliyeanguka kutoka juu ya farasi huko Bombay. Bombay! Watu husoma haraka wakapita hapo. Mimi, mtoto wa nchi iliyotawaliwa na serikali ileile, nilisimama nikajiuliza shangazi huyo alikuwa na shughuli gani huko, na zile pauni 500 zilikamuliwa kwa nani.

Yeye na mumewe Leonard walinunua nyumba kijijini Rodmell mwaka 1919 kwa pauni 700. Kwanza aliandikia katika banda la vifaa vya bustani, na Leonard akawa anapanga matufaha darini juu ya kichwa chake, kishindo mtindo mmoja. Mwaka 1934 kibanda kikahamishiwa mwisho wa bustani ya matunda, chini ya mti mkubwa, kando ya ukuta wa makaburi ya kanisa. Majira ya baridi vidole vilikufa ganzi hata kalamu haishikiki, akarudi kuandikia chumbani. Alipoondoka kwenda kujitosa mtoni tarehe 28 Machi 1941, aliondokea hapo.

Sasa sikiliza upande wa jikoni. Mpishi wake aliitwa Nellie Boxall, waliishi naye tangu mwaka 1916, wakigombana na kupatana kama mawifi. Novemba 1929, kitabu cha chumba kikiwa na mwezi mmoja tu madukani, Nellie alimwamuru Virginia atoke chumbani kwake. Chumbani kwake Nellie! Bibi mwenyewe aliandika katika shajara jinsi alivyofukuzwa, na alikasirika. Mtu aliyekuwa amewaambia wanawake wote wa dunia wadai chumba cha kujifungia, yaya wake alikielewa kitabu pasipo kukisoma, yeye akaona ni utovu wa adabu. Nellie aliachishwa kazi mwaka 1934, mwaka uleule kibanda kilipohamishiwa chini ya mti.

Wa mwisho kati ya hawa aliishi kwetu. Roald Dahl, yule wa vitabu vya watoto, alikuja Dar es Salaam mwaka 1938 kama kijana wa miaka 22, mwajiriwa wa kampuni ya mafuta ya Shell. Waingereza vijana watatu walikaa katika jumba moja kubwa nje kidogo ya mji, juu ya bahari, wakiwa na mpishi, mtunza bustani, na kila bwana na boi wake. Boi wa Dahl aliitwa Mdisho, Mnyamwezi. Dahl amemweka katika kitabu chake cha kumbukumbu cha mwaka 1986, akimsifu kwa urefu wake na upole wake, na sura nzima ikapewa jina lake, ingawa jina la kabila lake aliliandika "Mwanumwezi". Kina simba na nyoka wengi kitabu hicho. Mimi nilipokisoma nilikuwa namtafuta Mdisho alilala wapi.

Maana wakati ule Dar es Salaam ilikuwa imegawanywa kwa sheria za ujenzi tangu enzi za Mjerumani: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Kule Uswahilini nyumba ilikuwa na ukumbi katikati, vyumba huku na huku, baraza mbele, na ua nyuma ambako maisha yenyewe yalikuwa yanaendeshwa: jiko, kisima, choo, kinu, umbea, arusi. Uani ndiko kwenyewe. Uzunguni mambo yaligeuzwa. Mbele kuna majani yaliyofyekwa, nyuma kabisa kuna kichumba cha mtumishi. Ukitazama zile nyumba kuukuu za Oysterbay zilizobaki, eneo ambalo Waingereza walianza kulijenga miaka ya 1930, utaona vichumba hivyo vimewekwa kwa hesabu: mbali kiasi cha moshi wa jiko la boi kutofika sebuleni, karibu kiasi cha bwana akiita kusikika. "Boi" mwenyewe mara nyingi alikuwa mtu mzima, mwenye mke na wajukuu kijijini. Mwafrika alipata mahali pa kulala Uzunguni kwa sababu moja tu, kumtumikia mwenye nyumba.

Dahl aliondoka mwaka 1939 kujiunga na jeshi la anga. Ndege yake ikaanguka katika jangwa la magharibi mwa Misri mwaka 1940, mgongo wake haukupona tena sawasawa. Miaka ya 1950, baada ya kukiona kibanda ambamo mshairi Dylan Thomas alikuwa akiandikia kule Laugharne, Wales, alijengewa na yeye cha tofali katika bustani yake kijijini Great Missenden. Aliketi kwenye kochi kuukuu la mama yake alilolitoboa shimo nyuma ili lisimtonese uti wa mgongo, miguu kaitia katika mfuko wa kulalia, ubao uliofunikwa kitambaa cha kijani mapajani, penseli sita za njano zimechongwa. Asubuhi saa mbili, alasiri saa mbili. Hakuna ruhusa kufagia.

Humo ndimo alimoandika kile kitabu cha Charlie na kiwanda cha chokoleti, kilichotoka mwaka 1964. Katika chapa ile ya kwanza wafanyakazi wa kiwanda, watu wafupi wenye kuimba, walikuwa Waafrika weusi kutoka porini, waliosafirishwa kwa siri ndani ya makasha, wakilala humohumo kiwandani na kulipwa punje za kakao. Watu walilalamika, na mwaka 1973 akawabadilisha rangi na asili. Watoto wengi wa siku hizi hawajui. Mimi siwezi kusoma kitabu hicho bila kumfikiria kijana wa miaka 22 aliyeamshwa kwa chai na Mdisho. Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961, miaka mitatu kabla ya kitabu, lakini katika kile kibanda watumishi walikuwa bado wanalala nyuma na wanaimba.

Na huku kwetu baada ya uhuru je? Nyumba za Uzunguni zikapata mabwana wapya, kichumba cha nyuma kikabaki na kazi yake ileile. Kilichobadilika ni mtu wa ndani: boi wa kiume akaondoka polepole, akaja binti kutoka Iringa, Singida au Dodoma, ambaye tunamwita dada ili isijulikane tunamlipa kiasi gani. (Siku hizi vijana wanamwita beki tatu. Nacheka, halafu naacha.)

Kisha likaja Azimio la Arusha, mwaka 1967, na miiko ya viongozi. Kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 serikali ikataifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Basi kichumba cha uani cha kiongozi mwadilifu kikawa hakipangishiki. Lakini Azimio halikutaja kuku! Ilipofika miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, foleni za sukari na sabuni, na mshahara ambao haukuvuka wiki ya pili, watumishi wa serikali waligundua kwamba kichumba cha uani kinaweza kulisha nyumba nzima. Ndipo ukasikia neno "mradi". Mama ana mradi, bosi ana mradi, hata mhasibu mkuu alfajiri yuko uani na ndoo ya pumba. Mayai, maziwa, maandazi, barafu za maji ya ukwaju, tuisheni ya hesabu, saluni, cherehani. Mzee Mwinyi aliposhika nchi mwaka 1985 akapewa jina la Mzee Ruksa, na mwaka 1991 Azimio la Zanzibar likalegeza miiko: kiongozi ruksa kupangisha. Kilichokuwa kinafanyika uani kwa aibu kikahamia barazani.

Ukumbini kwetu hakuna picha ya miaka hiyo, lakini banda lipo. Baba, mwalimu wa sekondari, alilijenga mwaka 1988 kwa ajili ya kuku wa mayai. Mama anasimulia kwamba waliishi vizuri mwaka mmoja na nusu, halafu kikapita kideri, wiki moja banda zima kimya. Baba akapiga chokaa, akaingiza mabenchi, likawa darasa la tuisheni, na wapo watu wazima mjini hapa wanaomsalimia mpaka leo kwa sababu ya lile banda. Alipochoka akaingia mpangaji, fundi cherehani, akakaa miaka mingi. Mimi nilipozaliwa lilikuwa tayari chumba cha dada wa kazi, na madada wamepita humo sita au saba. Kila mmoja ameacha msumari wake ukutani.

Mwaka jana, nilipomaliza chuo na kurudi nyumbani na maboksi ya vitabu, Mama alinionea huruma. Akasema mbele ya wote, tunakula, "Dada atalala na wadogo zako. Wewe ingia uani uandike hivyo vitabu vyako." Kaka akapiga makofi. Kwa kweli ndicho nilichokuwa nakililia tangu kidato cha tatu.

Dada alikuwa anapakua mboga. Yeye ni mdogo kwangu kwa miaka minne, ananiita dada, nami namwita dada. Akasema, "Sawa, mama. Ila sanduku langu nitalifungia wapi?"

Hakuuliza kwa ubishi. Aliuliza kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi. Sanduku lile lina nguo zake, cheti chake cha darasa la saba, fedha anazotunza kwa ajili ya cherehani, na sijui nini kingine, wala si kazi yangu kujua. Mama akajibu kwamba sebuleni kuna nini, watoto wangapi wa nchi hii wamelala sebuleni na wamekuwa madaktari. Mimi nikasema sikitaki kile chumba.

Tulibishana siku tatu. Nilimwambia Mama kwamba kuna mkataba wa kimataifa wa mwaka 2011, namba 189, unaosema mfanyakazi anayeishi katika nyumba ya mwajiri awe na makazi ya staha yenye kuheshimu faragha yake. Mama akauliza huko Geneva wanapika ugali wa watu wangapi. Nikamwambia habari za Nellie. Hiyo ilimgusa zaidi, akacheka, akasema huyo Nellie alikuwa na kichwa kigumu, lakini alicheka kwa namna ya kumpenda.

Mwisho tulikwenda kuitazama stoo, ile iliyobanana kati ya jiko la nje na choo. Mkaa tukausogeza upande mmoja, magunia juu ya mbao, baiskeli mbovu ya Baba ikauzwa skrepa. Fundi alitoboa ukuta akaweka dirisha la futi mbili kwa mbili na wavu wa mbu. Benchi moja la tuisheni likawa kiti, jingine nikalikata kuwa rafu. Ni pafupi kuliko kibanda cha Shaw, hapazunguki, na mchana bati linachoma hasa. Ninaandika alfajiri na baada ya saa kumi. Makala haya nimeyaandikia humo, vidole vina weusi wa mkaa.

Chumba cha uani kimebaki cha dada. Niliomba kiwekwe kitasa kipya, cha zamani kilikuwa kinafunguka kwa kijiko. Kikawekwa, kikaja na funguo mbili. Mmoja anao yeye, kaufunga kwenye pindo la kanga. Wa pili uko katika kabati la vyombo la Mama, nyuma ya vikombe vya wageni, na hilo bado tunalizungumza.